Nyumba ya Chamazi, jua la Colorado

Mwanafunzi wa usanifu majengo anapofungua programu ya SketchUp kwa mara ya kwanza na kuwasha vivuli, jengo lake humulikwa na jua la Boulder, mji wa jimbo la Colorado nchini Marekani. Huko ndiko kampuni ya @Last Software ilikoitolea programu hiyo mwaka 2000, kabla haijanunuliwa na Google mwaka 2006 na baadaye Trimble mwaka 2012. Kwa miaka mingi Boulder imebaki kuwa mahali pa kuanzia, mpaka mtumiaji apabadilishe mwenyewe. Mji huo uko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, iko karibu nyuzi 7 kusini. Kijana anayemchorea mjomba wake nyumba ya Mbande, hukohuko Chamazi, bila kugusa mpangilio huo hupata picha ya kupendeza, yenye vivuli vya nchi ya watu.

Kosa hilo lina gharama. Boulder, jua la adhuhuri haliendi kaskazini hata siku moja ya mwaka. Daima liko upande wa kusini. Dar es Salaam mambo ni mengine. Juni, adhuhuri, jua liko kaskazini, limeinama nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba limehamia kusini, limeinama nyuzi 17. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, hupita juu ya kichwa kabisa, nguzo ikakosa kivuli. Maana yake ni kwamba tangu Machi mpaka Oktoba ukuta unaopigwa na jua la adhuhuri ni wa kaskazini. Mwanafunzi aliyeipa baraza upande wa kusini kwa kuamini skrini amemuuzia mjomba wake joto la miezi saba.

Kompyuta haina hatia. Kutoa Boulder na kuweka Dar es Salaam ni kazi ya nusu dakika kwa anayejua kwamba kuna kitu cha kubadilisha. Kilichopinda ni mfuatano wa kujifunza. Vijana wengi wa mwaka wa kwanza hukimbilia modeli za kompyuta kabla hawajazoea kusimama mbele ya nyumba, kuitazama na kuiweka kwenye karatasi kwa dakika tano. Wanaweza kulizungusha jengo kwenye skrini kama chapati, ilhali ukiwauliza mlango wa chumbani kwao una upana gani wanabaki kukisia. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba mchoro wa haraka na modeli ya kompyuta vifundishwe pamoja, juu ya nyumba moja iliyopo, inayogusika, na penseli itangulie.

Wanafunzi wenyewe wanastahili kutetewa kidogo. Wengi wanaoingia studio za Chuo Kikuu Ardhi, pale kilimani jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wametoka mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati). Uchoraji wa kihandisi ni wa shule chache za ufundi, kama Ifunda, Tanga, Moshi na Bwiru. Somo la sanaa ya uchoraji shule nyingi hazina kabisa. Kuna anayefika chuoni akiwa hajachora kitu tangu ule moyo wa binadamu wa mtihani wa baiolojia, kidato cha nne. Akikabidhiwa karatasi nyeupe mkono unatetemeka. Akikabidhiwa kompyuta, mistari inanyooka yenyewe na aibu inaisha. Nani asingekimbilia kompyuta?

Inafaa kukumbuka kwamba Ardhi ilianza mwaka 1956 kama shule ya wapima ardhi, ikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, kisha mwaka 1996 ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikasimama kuwa chuo kikuu kamili. Kupima kulitangulia kubuni katika historia ya chuo chenyewe.

Chamazi, kwa upande wake, ni darasa lisilo na ada. Ukishuka Mbagala Rangi Tatu na kupanda gari la Mbande, pande zote mbili unaona maboma: kuta zilizosimama bila bati zikisubiri fedha ya kupaua, nyingine zimesubiri mpaka mpapai umeota sebuleni. Mwenye nyumba anaumia, mwanafunzi anafaidi. Kwenye boma lisilopigwa plasta kozi zote za matofali zinaonekana, na kozi ndiyo rula ya mtaani. Tofali la saruji lililozoeleka lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukiongeza mota ya katikati, kozi moja inakaribia sentimita 24. Kozi tisa ni mita 2.1 na ushei, na hapo ndipo lenta inapolala juu ya milango na madirisha. Anayejua kuhesabu kozi hahitaji ngazi wala kipimo cha leza. Anasimama barabarani, anahesabu, anaandika.

Mchoro wenyewe hauhitaji kipaji ambacho watu wanakisingizia. Unaanza na mstari mmoja wa ulalo, usawa wa macho ya anayechora, mita 1.6 hivi kutoka chini kwa mtu mzima aliyesimama. Mistari yote ya ukuta unaokwenda mbali nawe, iliyo juu ya usawa huo, inashuka kuufuata. Iliyo chini yake inapanda. Halafu kona iliyo karibu, halafu paa, halafu mlango, halafu mtu mmoja wa kusimama pembeni ili ukubwa ujulikane. Kifutio kibaki nyumbani. Dakika tano zikiisha, ukurasa unafunuliwa na nyumba nyingine inaanza. Mchoro wa kwanza utakuwa mbovu, wa kumi pia utakuwa na kasoro zake, na hakuna ubaya, kwa sababu michoro hii haichorwi ili itundikwe ukutani. Kinachotafutwa ni jicho lenye kuchagua. Kamera ya simu inachukua kila kitu bila kuuliza. Mkono unalazimika kuamua kipi kiingie kwanza. Baada ya hapo unaongezwa mshale wa jua, mshale wa upepo wa kusi, mshale wa upepo wa kaskazi, na mstari unaoonyesha maji ya masika yanakopita kwenda kwa jirani. Karatasi ya namna hiyo, hata ikiwa imepinda, inajua mambo ambayo modeli tupu haiyajui.

Kuna shida moja ambayo vitabu vya kigeni vya uchoraji haviitaji. Kijana aliyesimama na daftari mbele ya nyumba ya mtu Temeke, wilaya yenye Chamazi, hachukuliwi kuwa msanii. Ni mpimaji, au dalali, au mtu wa manispaa aliyekuja kuandaa ile alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Dawa yake ni adabu ya kawaida: "Shikamoo mama, mimi mwanafunzi, najifunza kuchora nyumba." Mama akishaitika marahaba, na kucheka anavyoiona nyumba yake kwenye karatasi, ataanza mwenyewe kusema chumba kipi hakilaliki usiku kwa joto, upande upi mvua inaingia, na kwa nini jiko lilihamishiwa uani ingawa ramani ililiweka ndani. Hayo hayapakuliwi popote.

Na kwenye ramani ndipo suala hili linapogusa mifuko ya watu. Mwenye kiwanja Chamazi siku hizi hupata ramani kwa simu. Picha ya 3D inatangulia Instagram au WhatsApp, imepigwa rangi ya kijivu na nyeupe, imewekewa gari la kifahari mlangoni na bustani ambayo kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakiwezi kuibeba baada ya shimo la choo kupewa nafasi yake. Mtindo unaotamba ni paa la kujificha: kuta zinapandishwa juu, bati linalala ndani lisionekane, maji yanakusanywa kwenye gata iliyofichwa. Pichani linavutia. Masika yakifika, gata ikaziba majani ya mwembe, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari.

Ubaya mwingine wa paa hilo haupigi kelele kama maji, lakini unakaa na mwenye nyumba mwaka mzima. Nyumba ya Kiswahili iliyozoeleka pwani, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma, ilikuwa na upenu uliotoka nje ya ukuta. Upenu huo unaweza kupigiwa hesabu kwa tanjiti ya sekondari. Juni, adhuhuri, jua la Dar es Salaam liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho upande wa kaskazini. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linahitaji upenu wa sentimita 70 hivi, uanzie juu tu ya dirisha, ili kioo chote kiwe kivulini. Paa la kujificha linatoa sifuri. Kuta za mashariki na magharibi hata upenu hauzisaidii sana, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huja limelala. Huko msanifu hupunguza madirisha au hupanda mti.

Hapa modeli ya kompyuta inastahili sifa zake. Ikiwekwa Dar es Salaam kwa kweli, kaskazini yake ikiwa kaskazini ya kiwanja, mwanafunzi anaweza kusogeza saa tangu asubuhi hadi jioni, na tarehe tangu Januari hadi Desemba, akaona jua likiingia na kutoka chumbani. Kwa penseli kazi hiyo ingemchukua siku nzima ya hesabu. Anayeanza na modeli lakini hakuwahi kusimama kwenye kiwanja hana swali la kuiuliza. Anayekuja na ukurasa wa mishale analo, na modeli inamjibu kwa sentimita.

Mfano mzuri wa ndoa hiyo ya penseli na kompyuta uko kwenye Barabara ya Kilwa ileile inayopita Mbagala, ukienda nayo mpaka Kilwa. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuwa mwanaakiolojia, alipima na kuchora misikiti, makaburi na majumba ya mawe ya pwani yetu, yakiwemo ya Kilwa, na kazi hiyo ikachapishwa kama kitabu mwaka 1966. Miongo kadhaa baadaye wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuja Kilwa Kisiwani na mashine za leza, wakatengeneza modeli za kompyuta za magofu hayohayo. Leza hunasa mamilioni ya nukta, kila ufa na kila jiwe, lakini haikuambii ukuta upi ulijengwa kwanza. Michoro ya Garlake ilikwisha kuchagua: huu ni mlango, hii ni kibla, hapa palikuwa na kuba. Mtafiti wa leo anafungua vyote viwili mezani.

Waliokuja kabla ya kompyuta hawakukosa ujasiri wa maumbo. Beda Amuli, aliyesoma Technion mjini Haifa na kuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kusajiliwa kuwa wasanifu majengo Afrika Mashariki, ndiye aliyebuni soko la Kariakoo lililojengwa kati ya mwaka 1970 na 1974. Paa lake la zege ni miavuli iliyopinduliwa, inayowapa wafanyabiashara kivuli huku ikikinga maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini kwa waliolijua tangu utotoni, umbo lile bado linaweza kuchorwa kwa mistari sita. Hicho si kipimo kibaya kwa mwanafunzi: jengo ambalo wazo lake linaingia kwenye mistari sita, mbunifu wake alijua anataka nini.

Mbali zaidi, Frank Gehry aliliwazia jumba la makumbusho la Guggenheim la Bilbao, lililofunguliwa mwaka 1997, kwa michoro ya kalamu iliyofanana na uzi uliochanganyikana, kisha modeli za mkono, na mwishowe CATIA, programu ya Kifaransa iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Na ile programu inayotajwa kuwa babu wa zote, Sketchpad ya Ivan Sutherland ya mwaka 1963, ilitumia kalamu ya mwanga juu ya skrini. Uchoraji wa kompyuta ulizaliwa kalamu ikiwa mkononi.

Chamazi ina somo lake jingine, na hili ni la modeli isiyohitaji umeme. Wakazi wa Kurasini walipopoteza makazi kwa upanuzi wa bandari, baadhi yao, wakiwa kwenye vikundi vya kuweka akiba na wakisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, walinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga nyumba za gharama nafuu kwa matofali ya kufungana waliyoyafyatua wenyewe. Nyumba zilipangwa kukua kwa hatua kadiri kipato kinavyoruhusu. Vikundi hivyo vimo kwenye mtandao wa kimataifa wa wakazi wa makazi duni, na kwenye mtandao huo kuna desturi iliyopata umaarufu kutoka Mumbai miaka ya 1980, pale wanawake wa Mahila Milan waliokuwa wakiishi kando ya barabara walipojenga modeli za nyumba kwa ukubwa wake halisi, kwa mbao na vitambaa. Watu waliingia ndani, wakajinyoosha, wakaona sufuria itakaa wapi.

Mwanafunzi wa Chamazi anaweza kufanya hivyo jioni moja uani kwao kwa majivu na kamba. Achore chumba cha mita 3 kwa 3 ardhini, halafu aweke humo kitanda cha futi tano kwa sita, ambacho ni mita 1.5 kwa 1.8, na kabati, na mlango unaofungukia ndani. Kisha arudi kwenye modeli yake aone kile kitanda alichokipakua bure. Mara nyingi ni kitanda kikubwa cha Kimarekani, chenye upana wa mita 1.93 na urefu wa mita 2.03, kwa chumba ambacho hakitajengwa Chamazi. Akitengeneza maktaba yake mwenyewe ya vitu alivyovipima, kitanda, meza ya chakula, jiko la gesi la plate mbili, ndoo za maji, bajaji mlangoni, modeli zake zitaanza kusema ukweli.

Kuhusu vifaa, ushauri ni mfupi: programu moja kwa mwaka wa kwanza inatosha. Kuna mashindano ya kujaza programu nyingi kwenye laptopu, nyingi zimekrakiwa na kupitishwa kwenye flashi pamoja na virusi vyake, na zile za kung'arisha picha hudai kadi ya michoro yenye nguvu ambayo laptopu ya mtumba haina. Wizi huo hauna ulazima. Blender ni bure na inafanya kazi bila bando. SketchUp ina toleo la bure la kwenye intaneti. Autodesk, wenye AutoCAD iliyotoka mwaka 1982 na Revit waliyoinunua mwaka 2002, huwapa wanafunzi leseni ya mwaka mmoja inayohuishwa. Daftari lisilo na mistari, penseli mbili na futi ya kupimia havikatikiwi na umeme.

Watakaopinga wana hoja nzito: ofisi zinaajiri wanaojua Revit na ArchiCAD, na mwanafunzi mwenye njaa hupata nauli kwa kuuza picha za 3D. Kweli tupu. Hata hivyo sheria inahitaji anayefanya kazi ya usanifu majengo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mwanafunzi hajafika huko. Anachouza ni picha, na picha zimejaa sokoni. Kwenye eneo la ujenzi, fundi akikwama kwenye kona ya kenchi, haifunguliwi laptopu juani. Inachukuliwa karatasi ya mfuko wa saruji, au penseli kwenye ukuta ambao haujapigwa plasta, na mchoro unatoka hapohapo, kwa vipimo, wakati watu wanasubiri na zege limeshachanganywa. Asiyeweza kufanya hivyo atamwachia fundi aamue.

Kwa hiyo ofisi zinazopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo zina uwezo mkubwa wa kubadilisha hali kuliko mtaala wowote. Zinapoomba picha za kompyuta, ziombe na daftari la michoro, lenye tarehe, pamoja na modeli ya nyumba moja halisi ambayo mwombaji ameipima mwenyewe. Na zinapoifungua modeli hiyo, kitu cha kwanza kukagua kiwe mpangilio wa mahali: Dar es Salaam, au bado Boulder.